Italia, Uholanzi, Japani au Ethiopia? Kuchagua programu ya kiangazi ya utamaduni wa chakula na uendelevu

Januari ikishaanza, ujumbe huwa ni ule ule kutoka kwa wadogo zangu wa vyuo vikuu vya Mlimani, Ardhi na hata SUA kule Morogoro: "Shikamoo dada. Nimeona programu mbili za kati ya Juni na Agosti, zote za utamaduni wa chakula na uendelevu. Niombe ipi?" Kabla sijataja nchi yoyote, nami huuliza: hapa Dar, kuhusu chakula, ni jambo gani linalokukera kila ukiliona?

Wengine hushangaa, maana walitaka niwatajie nchi. Lakini programu hizi ni fupi, wiki mbili au tatu, zikizidi sana nane, na katika muda huo mtu hawezi kujifunza chakula cha nchi nzima. Anachoweza ni kufuatilia swali moja alilotoka nalo nyumbani. Swali lako likijulikana, nchi nazo huanza kujipanga zenyewe.

Chukua mfano wa mchele. Nenda soko la Tandale, simama mbele ya magunia manne yenye bei nne tofauti, uliza kila moja limetoka wapi. Mimi nilijibiwa hivi: "Yote Kyela, mwanangu. Wewe unataka Kyela ya bei gani?" Kama jibu hilo linakuuma kwa niaba ya mkulima wa Kyela, wewe una swali la jina na asili ya chakula. Kama kinachokuuma ni nyanya za Ilula zinazofika Ilala zile za chini ya tenga zimeshakuwa uji, una swali la upotevu. Jodari aliyelala juani ndani ya mtumbwi tangu alfajiri hadi mnada wa Feri ni swali la ubora na uvuvi. Na kama unasikitika kwamba watoto wa mtaani kwako hawajui mlenda wala mtama, swali lako ni la mbegu na mapishi yanayopotea.

Nitazipima nchi nne kwa vigezo vilevile. Italia na Ethiopia nimekwenda mwenyewe. Uholanzi na Japani nazijua kupitia wenzangu niliowasaidia kuandaa maombi, wakarudi na madaftari yao tukakaa kuyasoma pamoja.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni aina ya somo. Zipo programu za kuonja na kueleza chakula, zipo za kupima maji, hewa ukaa na upotevu, na zipo za kushika jembe na kuingia jikoni. Vipeperushi hutaja vyote vitatu, kwa hiyo usivitegemee. Ratiba ya siku kwa siku ndiyo inayosema kweli.

Cha pili ni uendelevu wenyewe. Kila nchi hapa ina chakula cha kujivunia na ina kidonda chake pia. Programu nzuri inakuonyesha vyote viwili.

Cha tatu ni sahani yako. Wengi wetu hapa Dar hatuli kitimoto, na wapo wasiogusa pombe hata ikiwa kijiko kimoja kwenye mchuzi. Ukienda kusoma chakula mahali ambapo nusu ya sahani huwezi kuionja, lijue hilo kabla ya kulipa.

Cha nne ni gharama na makaratasi.

Muda sijauweka kwenye orodha kwa sababu unawabana wote sawasawa. Kiangazi chao ni kipupwe chetu, na likizo yetu ndefu ya chuo ndiyo msimu wa fildi. Zungumza na mratibu wa fildi wa idara yako mapema, muulize kama siku za programu zinaweza kuhesabiwa, na jibu lake ulipate kwa maandishi. Nimeona mtu akipoteza nafasi kwa sababu ya ruhusa ya mdomo iliyosahaulika.

Nina jambo jingine, na hili limenikuta mwenyewe. Mwaka niliokwenda Italia nililipa amana kwa waandaaji walioahidi mashamba matano. Tulipofika yakawa mawili. Siku zilizobaki tulipelekwa migahawani, mwenye mgahawa akatusimulia anavyonunua kwa wakulima wadogo, na wakulima wenyewe hatukuwaona. Chakula kilikuwa kitamu, lakini nilikuwa nimejinyima mwaka mzima ili nizungumze na wakulima. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: omba ratiba yenye tarehe, saa na jina la mahali kabla hujatuma hata senti. Wakikwepa, achana nao.

Italia: jina la chakula na ulinzi wake

*Utakachojifunza.* Programu nyingi za chakula huko hukaa katika maeneo mawili. Moja ni Emilia-Romagna, yaani Parma, Modena na Bologna. Jingine ni Piemonte, ambako mji mdogo wa Bra ni kitovu cha Slow Food, vuguvugu la kutetea vyakula vya asili vya mahali. Vuguvugu hilo lilipata nguvu mwaka 1986 kwa kupinga mgahawa wa McDonald's karibu na Piazza di Spagna mjini Roma, na ilani yake ikatiwa saini Paris mwaka 1989. Kijijini Pollenzo, jirani na Bra, kuna chuo kikuu cha sayansi ya chakula kilichofunguliwa mwaka 2004.

Somo kubwa la Italia ni jinsi jina la mahali linavyogeuzwa kuwa sheria. Jibini ya Parmigiano Reggiano ni maziwa, chumvi na kimeng'enya cha kugandishia, basi. Lazima itoke Parma, Reggio Emilia, Modena au sehemu zilizotajwa za Bologna na Mantova. Gurudumu moja lina kilo 40 hivi, limemeza lita zaidi ya 500 za maziwa, na haliruhusiwi kubeba jina hilo kabla ya kutimiza miezi 12.

Nilisimama kwenye ghala lao, rafu zimepanda hadi darini, hewa ina harufu ya maziwa na kwa mbali kama nanasi lililoiva. Mkaguzi alishika nyundo ndogo, akawa anagonga gurudumu huku ameinamisha sikio, kama mama anayetikisa nazi sokoni kusikiliza maji yake. Aligonga juu, ubavuni, akalizungusha, akagonga tena. Mlio ukibadilika, ndani kuna ufa au uwazi. Gurudumu likifeli, alama za jina huparuliwa zote kwenye ganda, na jibini huuzwa bila jina hilo. Nilifikiria magunia ya Tandale. Huku kwetu nani anapiga nyundo?

Jambo jingine lililonikaa ni kwamba benki moja ya huko hupokea magurudumu hayo kuwa dhamana ya mkopo, kwa kuwa yako ghalani na thamani yake inapanda kadiri yanavyokomaa. Anayejua stakabadhi ghalani ya korosho zetu za Kusini ataona mara moja kwamba wazo hilo si geni, na kwamba kuna mengi ya kulinganisha.

*Uendelevu.* Jina lililolindwa humpa mkulima bei, na bei humfanya mwanawe abaki shambani. Hilo utaliona kwa macho. Kidonda chao ni bonde la mto Po: mifugo ni mingi, samadi nayo ni nyingi, naitreti inaingia kwenye maji, na ukame wa mwaka 2022 uliuacha mto huo chini sana. Waulize wenyeji wako. Wanaojibu bila kukasirika ndio walimu.

*Sahani.* Niseme wazi: Parma ni nchi ya kitimoto. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, mortadella ya Bologna na soseji kavu ndiyo fahari yao, na mvinyo uko mezani mchana na jioni. Mwislamu bado ana tambi, mboga, samaki na siki ya asili ya Modena inayokomazwa kwa miaka isiyopungua 12, mingine 25, kwenye mapipa ya mbao tofauti. Jibini nayo ina neno: kimeng'enya chake hutoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo amua mapema msimamo wako. Wenyeji wakijulishwa kabla hukupangia vizuri. Ila siku ya kwenda kiwanda cha mapaja utakuwa mtazamaji.

*Gharama na makaratasi.* Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15. Taarifa ya benki, barua ya chuo na barua ya mwaliko zikae pamoja tangu Machi. Darasani ni Kiingereza, shambani ni Kiitaliano, na ubora wa mkalimani utaamua umejifunza kiasi gani.

*Inamfaa* mwenye ndoto ya kulinda bidhaa ya mahali: mchele, asali ya Tabora, kahawa, viungo. Inamfaa pia mwandishi wa chakula na mwenye biashara ndogo ya kusindika. Anayetafuta takwimu na hesabu ataona wanamsimulia mno.

Uholanzi: kupima kila kitu

*Utakachojifunza.* Hapa jina ni Wageningen, mji mdogo kando ya Rhine wenye shule ya kilimo tangu mwaka 1876, iliyopandishwa hadhi kuwa ya elimu ya juu mwaka 1918. Kozi zao za kiangazi huwa fupi na nzito. Unafundishwa kufuata bidhaa moja tangu mbegu hadi jalalani, ukihesabu maji, mbolea, mafuta, kifungashio na kilichotupwa.

Ichukue nyanya ya Ilula. Inavunwa, inashindiliwa kwenye tenga, tenga linafunikwa majani, linapangwa juu ya mengine kwenye lori, linashuka na barabara kuu kupitia Morogoro, linafika Ilala usiku. Sisi tunasema "nyanya zimeoza" kana kwamba ni kazi ya Mungu. Mwenzangu aliyekwenda Wageningen alirudi akiwa anauliza kila hatua imeua nyanya ngapi, tenga lenye umbo gani lingeokoa ngapi, na nani analipa hasara kati ya mkulima, dalali na mama lishe. Tulipoyaandika hayo kwenye karatasi, tuliona mama lishe ndiye anayebeba sehemu kubwa, maana yeye hununua kisado na kuchambua akiwa ameshalipa.

Vilevile utajifunza kutoamini hisia zako. Tumezoea kuamini kwamba chakula cha karibu ndicho rafiki wa mazingira siku zote. Lakini nyanya ya kitalu cha vioo kinachopashwa joto kwa gesi inaweza kuwa imetoa hewa ukaa nyingi kuliko ya shamba la wazi iliyosafirishwa kwa lori kutoka nchi yenye jua. Somo hilo pekee lina thamani.

*Uendelevu.* Nchi hii ni ndogo, na bado kwa miaka mingi imekuwa ya pili duniani baada ya Marekani kwa thamani ya mazao ya kilimo inayouza nje. Kidonda kimetoka hapo hapo. Mei 2019 chombo chao cha juu cha sheria za utawala kilibatilisha mfumo wa serikali wa kuruhusu miradi inayotoa naitrojeni, ambayo kwao hutoka sana kwenye samadi ya mifugo, na kuanzia Oktoba mwaka huo wakulima walijaza barabara kwa matrekta. Mjadala haujaisha. Kijana wa Kitanzania anayesikia kila siku kwamba tuige kilimo cha Uholanzi anahitaji kuisikia sehemu hii pia, na Wageningen hawaifichi.

*Sahani.* Chakula cha mchana ni mkate na jibini, na kesho yake tena. Juni kuna samaki mchanga wa herring wa msimu mpya, huliwa karibu mbichi na vitunguu. Utajiri wao mwingine umetoka makoloni: vyakula vya Indonesia, roti za Suriname. Usipouliza hutaambiwa, na hapo ndipo pana utamaduni wa kusoma. Kwa Mwislamu, nchi hii ni rahisi kuliko Italia na Japani, kwani maduka ya Waturuki na Wamoroko yenye nyama halali ni mengi mijini.

*Gharama na makaratasi.* Viza ni ya Schengen, masharti ni yale yale. KLM inatua Dar, kwa hiyo safari si ya kuhangaika viwanjani. Malazi ndiyo yanayouma. Mjini utatumia baiskeli, na Kiingereza kinakutosha popote.

*Inamfaa* mwanafunzi wa mazingira, uchumi kilimo, lishe au uhandisi anayetaka kurudi na mbinu ya kufanyia utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Kama unataka kupika na wazee wa kijiji, hapa utachoka mapema.

Japani: heshima kwa kiungo

*Utakachojifunza.* Mapishi ya jadi ya Kijapani, washoku, yaliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika Desemba 2013, na programu nyingi za chakula huzungukia Kyoto. Msingi ni supu ya dashi: mwani mkavu wa kombu na samaki mkavu aliyekwanguliwa kuwa vipande vyembamba kama nyuzi za mbao kwenye randa. Ladha ya mwani huo ndiyo iliyomfanya mwanakemia Kikunae Ikeda, mwaka 1908, aitambue na kuipa jina la umami. Mpwani aliyekulia kwenye mchuzi wa papa mkavu hahitaji kuelezwa sana.

Kwa mtu wa Feri, kitu cha kutazama kwa macho mawili ni wanavyomuua samaki. Huchomwa ubongo mara moja, damu ikatolewa, kisha waya mwembamba ukapitishwa kwenye uti wa mgongo ili misuli iache kutetemeka. Nyama hubaki ngumu na safi kwa muda mrefu zaidi. Si mashine wala umeme, ni mkono na dakika chache. Hata jengo la soko letu la Feri lilipatikana kwa msaada wa Japani. Jengo tumelipata, lakini mkono wa kumshika samaki bado hatujajifunza, na barafu bado hununuliwa kwa kubana.

Kingine ni chakula cha shule. Japani ina sheria ya mlo wa shuleni tangu mwaka 1954 na sheria ya elimu ya chakula tangu mwaka 2005. Watoto hupakuliana wenyewe, hula darasani na mwalimu wao, na hufundishwa chakula kimetoka wapi.

*Uendelevu.* Wajapani wana neno mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotea bure. Aliyelibeba duniani ni jirani yetu, Wangari Maathai wa Kenya, baada ya kulisikia alipozuru Japani mwaka 2005. Kidonda chao ni bahari yenyewe: mkunga wao wa mtoni, anayependwa sana majira ya joto, aliwekwa mwaka 2014 kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nchi hujitosheleza kwa chini ya asilimia 40 ya kalori inazokula. Na plastiki ni nyingi madukani, biskuti moja moja imefungwa. Sisi tuliopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 tutakuwa na la kuchangia darasani.

*Sahani.* Samaki, wali, mboga na maharage ya soya: Mswahili hafi njaa. Ila mirin na sake, ambazo ni pombe, huingia kwenye michuzi mingi bila kutajwa, na baadhi ya sosi za soya huwa na alkoholi. Beba karatasi yenye maelezo yako kwa Kijapani.

*Gharama na makaratasi.* Hapa ndipo pagumu. Nauli iko juu kuliko nchi nyingine zote tatu, viza huombwa ubalozini hapa Dar kwa nyaraka za mwenyeji wa Japani, na nyaraka hizo zisipofika mapema hakuna njia ya mkato. Lugha ni ukuta: nje ya darasa, bila Kijapani au mkalimani, utaona mengi na kuelewa machache. Joto la Kyoto Julai na Agosti ni zito na lenye mvuke, zaidi ya Februari yetu.

*Inamfaa* mwenye swali la samaki, la mlo wa shule, au la upishi wa usahihi. Inamfaa sana aliyepata ufadhili. Kwa fedha ya mfukoni, nisingependa mzazi auze kiwanja kwa ajili ya wiki tatu.

Ethiopia: mbegu, uchachu na mfungo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huiruka. Nimeshaambiwa, "Dada, Ethiopia nako ni nje?" Ni nje. Na kwa maswali mengi ya jikoni kwetu, ndiyo iliyo karibu zaidi na jibu.

*Utakachojifunza.* Injera hutokana na nafaka ndogo sana ya teff, unga wake ukichachuliwa siku mbili tatu kabla ya kumiminwa kwenye chuma au kigae cha duara. Kusini kuna enset, mmea unaofanana na mgomba hadi utadanganyika, lakini haliwi tunda lake. Huliwa shina na kitako cha chini. Nilikaa na akina mama wakiliegemeza shina kwenye ubao wa mteremko, mmoja amekaa chini, mguu mmoja ameukandamiza juu ya shina, mkononi ana kipande cha mwanzi anachokwangulia nyama nyeupe itenganishwe na nyuzi. Maji yake yanatiririka mpaka magotini. Kinachopatikana hufukiwa shimoni, kimefunikwa kwa majani ya mmea wenyewe, kikae wiki au miezi kichachuke, ndipo hukandwa mkate wa kocho. Nyuzi haziendi popote, zinasokotwa kamba.

Mmea huo huchukua miaka minne hadi saba kukomaa, unavumilia ukame, na watu takriban milioni 20 wanautegemea. Niliuliza maswali yote niliyowahi kutaka kumuuliza marehemu bibi yangu juu ya kivunde na makopa, na akina mama wale waliyajibu. Sisi tuna muhogo, tuna togwa, tuna ujuzi wa uchachu mezani kwetu, ila tumeuweka kwenye kapu la vyakula vya shida.

*Uendelevu.* Addis Ababa ina benki ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1976. Tena kuna kisa cha teff ambacho kila mwanafunzi wa chakula wa Afrika anapaswa kukijua: kampuni ya Uholanzi ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya usindikaji wa nafaka hiyo, hadi mahakama ya The Hague mwaka 2018 ilipotamka kwamba hataza hiyo haina nguvu kwa kukosa uvumbuzi. Kidonda cha hapa ni mmomonyoko wa udongo nyanda za juu, misitu ya kahawa inayopungua, na kuni. Hilo la kuni ni letu pia, sisi tuliojiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034 huku moshi wa mkaa ukiwa bado uko Manzese hadi Mbagala.

*Sahani.* Kuanzia tarehe 7 hadi 21 Agosti Waorthodoksi huwa kwenye mfungo wa Filseta: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Migahawa hujaa dengu, kunde, mboga za majani na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na mtu wa imani yoyote anakula bila kuuliza. Nje ya mfungo, Waislamu wana machinjio na migahawa yao; nyama za Wakristo na Waislamu hazichanganywi.

*Gharama na makaratasi.* Ndege ya moja kwa moja haifiki saa tatu. Viza huombwa mtandaoni. Maisha ni nafuu. Ugumu ni kwamba programu zilizofungashwa ni chache, kwa hiyo mara nyingi utaandika barua mwenyewe, au mwalimu wako aandike, kwenda vyuo kama Addis Ababa, Hawassa au Jimma. Ni msimu wa mvua, beba sweta zito. Na usalama si wa kupuuza: sehemu za Amhara na Oromia zimekuwa na mapigano, hivyo njia zako zipangwe na wenyeji, si na ramani ya simu.

*Inamfaa* mwenye swali la mbegu za asili, uchachu, chakula cha wanawake wa kijijini, au mwenye bajeti ndogo anayeweza kujiandalia mambo. Anayetaka cheti chenye nembo inayotambulika haraka kwenye wasifu atapata shida kuieleza kazi yake, ingawa kazi yenyewe inaweza kuwa nzuri kuliko ya wenzake.

Ukiwa katika hali hizi

Uko mwaka wa pili, fildi imekubana, una wiki mbili tu: tazama kozi fupi za Uholanzi, ukaitumie kupanga utafiti wa mwaka wa tatu. Hakikisha inaisha kabla ya tarehe ya kuripoti fildi.

Umemaliza chuo, familia ina mashamba au biashara ya kusindika, na unajilipia: Italia, lakini ile ambayo ratiba yake ina mashamba na viwanda vingi kuliko migahawa. Ukiwa huli kitimoto, andika hivyo kwenye fomu ya maombi, usingoje kufika.

Umepata ufadhili wa nauli na malazi: Japani ifikirie kwa uzito, hasa kama unatoka familia ya wavuvi au unasoma sayansi ya majini. Anza Kijapani cha salamu na chakula miezi sita kabla.

Fedha ni ndogo na hakuna ufadhili: Ethiopia, mwezi mmoja badala ya wiki mbili. Hili nalisema pia kwa sababu ya mazingira. Kupanda ndege kwenda kusoma uendelevu kunagharimu hewa ukaa, na safari fupi ya kukaa muda mrefu ni rahisi kuitetea kuliko ndefu ya kukaa siku kumi.

Una mtoto mdogo au mzazi mgonjwa: tena Ethiopia au kozi ya wiki moja Uholanzi, mahali unapoweza kurudi kwa ndege ya siku hiyo hiyo au ya kesho yake.

Na kama bado hujui swali lako ni lipi, usijaze fomu wiki hii. Jumamosi amka saa kumi na moja alfajiri, nenda Feri au Tandale na daftari. Msalimie anayeuza, nunua kitu ili usimpotezee muda, kisha umuulize bidhaa imetoka wapi, imepita mikono mingapi, na jana alitupa kiasi gani. Ukirudi nyumbani yaandike yote kwenye ukurasa mmoja, bila kuyapamba. Ukurasa huo ndio utakaokuwa barua yako ya maombi, na wanaosoma barua mia za "napenda kusafiri na kujifunza tamaduni" watasimama kwenye yako.